Nyumba ya Ukurasa wa Arobaini

Wapendwa, kulikuwa na mtafiti mmoja aliyekwenda mjini kuandika kitabu juu ya mtaa wa zamani. Alikuwa na siku moja tu: asubuhi asome magazeti ya kale maktaba, alasiri azunguke na kamera yake kupiga picha za nyumba.

Pale maktaba alimkuta dada mfagiaji. Dada yule alimfutia meza vumbi kwa pindo la kanga yake, akamtafutia kiti kisichoyumba. Na mtafiti hakuwa mtu mbaya, alimsaidia kubeba ndoo. Katika kuongea, dada akamweleza shida yake. Mama yake mzazi alikuwa anakaa mtaa huohuo, na ukuta wake ulishapigwa ile X nyekundu tunayoijua wote. Ijumaa nyumba inavunjwa, labda alete ushahidi kwamba ilikuwepo kabla barabara haijapimwa. Hati zake zilikwenda na mafuriko. Watu wazima wa pale walisema picha ya nyumba ile iliwahi kutoka gazetini, ila chumba cha magazeti hufunguliwa kwa mwenye barua ya kibali, na mfagiaji nani angempa barua?

Akamwomba, akiiona, ampatie nakala yenye tarehe. Mtafiti akakubali kwa moyo wote.

Saa sita akaiona. Nyumba ileile aliyoelezwa na dada, baraza lilelile, na tarehe juu ya ukurasa. Akaipiga picha. Alipotoka alimwambia dada kwamba ameipata na atamtumia nakala, akamwachia namba yake ya simu, na dada akaketi chini palepale kwenye ngazi, ufagio mkononi, akalia.

Alasiri mtafiti akafika kwa yule mama. Mama akamtolea maji ya mtungini kwenye kikombe chenye kifuniko, akamshikia kigoda apande apate picha nzuri. Jua lilikuwa zuri. Mtafiti akamwomba asimame karibu na ile X, asogee kidogo kushoto, asitabasamu. Mama wa watu akasimama.

Alhamisi dada akampigia simu. Mtafiti akamjibu kwa upole sana.

"Dada yangu, picha ile ya gazeti ndiyo roho ya kitabu changu. Siwezi kuitoa kabla kitabu hakijatoka. Vumilia kidogo."

"Kaka, kesho saa nne wanavunja."

"Pole sana. Nitakukumbuka kwenye shukrani."

Niambieni, ninyi akina mama mliopanga nyumba mkahamishwa na vyombo vyenu juani: neno vumilia linaezeka paa?

Ijumaa wakavunja.

Kitabu kikatoka mwaka uliofuata, kikazinduliwa palepale maktaba. Watu wakaitazama picha ya nyumba ile, na ya mama kando ya X, wakatikisa vichwa, wengine wakafuta machozi. Mtafiti akamtafuta dada mfagiaji kati ya viti, akampa kitabu bure, amekitia sahihi.

"Fungua ukurasa wa arobaini," akamwambia. "Mpelekee mama ajione."

Dada akakipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Asante, kaka," akasema. "Nimpelekee nyumba gani?"

Wapendwa, mnamchukia mtafiti? Mimi pia nilitaka kumchukia. Lakini alichukua nini cha mtu? Hakuiba, hakutukana. Aliguswa, tena aliguswa kweli. Alikuwa na kitu kidogo mfukoni ambacho kingemwokoa mtu, akakiweka mpaka kazi yake ipendeze.

Sasa tujitazame sisi. Jumamosi ile tulipokwenda kumwona yule bibi kipofu wa kule bondeni, tulivaa sare zetu, tukamkalisha katikati, tukampa sabuni na sukari aishike kifuani, tukapiga picha. Picha zimejaa kwenye simu zetu. Tumeandikiana Amina hamsini na kitu. Naye wakati tunapanga mistari alisema nini? Alisema jicho la kulia bado linaona mwanga, na kliniki ya macho ni Jumatano, hana wa kumshika mkono. Tukamwambia, bibi, tazama huku.

Jumatano tatu zimepita. Mimi nilikuwepo, nilisimama mstari wa mbele.

Juzi nimekwenda kwake. Anaitwa Atuganile. Lile jicho halioni mwanga tena.