Tunu Apiga Hodi Kwao

"Wa mbio hapiti ukuta, mfuate alipo." Mmeisikia asubuhi hii kwa jirani yetu, akimwambia mwanawe aliyekuwa akimpigia baba yake simu kutoka chumba cha pili, na sasa mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni. Haikutoka kwa wahenga, msinitazame hivyo. Ilizaliwa hapa hapa Tanga, mtaani kwetu, mimi mwenyewe nikiwapo, na chanzo chake ni hiki.

Dada yangu Siwema alikuwa na sebule. Nasema alikuwa nayo, sisemi aliitumia. Makochi yote yalivikwa vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, na kabati la vioo lilijaa vikombe vya arusi yake. Sebule ile ilikuwa ya wageni. Wenye nyumba walipita mlango wa nyuma, wakala uani, wakacheka uani. Hata mumewe, Shemeji Kilua, aliyeyanunua makochi yenyewe, alikuwa hajapata kuyakalia. Alikaa nyuma na redio yake juu ya kigoda, akaona ndivyo dunia ilivyo.

Binti yao ni Tunu. Huyu alikuwa bingwa wa mpira wa kompyuta, ule unaochezwa kwa vidole, na kompyuta yake aliiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Mwaka ule alifika nusu fainali ya taifa. Angecheza yeye akiwa kwao, na mpinzani wake, kijana mmoja wa Mwanza, akiwa kwao, wakutane mtandaoni. Mshindi angeitwa Dodoma kwenye fainali. Tunu hajawahi kutaka kitu kama alivyoitaka safari ile.

Shida ilikuwa intaneti. Ruta yao mpya, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ilitoa njia tatu hewani. Ya kwanza ni ya polepole, lakini hufika mpaka bandani kwa kuku. Ya pili ni ya wastani. Ya tatu ina mbio ajabu, na hiyo ndiyo Tunu aliyoitaka, maana katika mchezo ule ukichelewa kufumba na kufumbua, mpira umeshaingia golini. Lakini hiyo ya mbio haipendi ukuta. Ikikutana na mmoja inachoka, ikikutana na wa pili inakufa.

Na ruta ilikuwa wapi? Siwema aliiona ni kitu cha thamani, basi akaiweka panapowekwa vitu vya thamani: ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya arusi, akaifunika kitambaa cha kufuma. Chumba cha Tunu kilikuwa nyuma kabisa. Mtoto wa watu alibadilisha kadi ya waifai, akageuza antena huku na huku, akafuta kila kitu ndani ya kompyuta na kuipanga upya. Ile njia ya tatu haikutokea hata jina. Kwenye mazoezi wachezaji wake waliganda uwanjani kama nguo zilizosahauliwa kambani.

Akamwendea mama yake. "Mama, naomba ruta ije chumbani kwangu."

"Kitu cha heshima hakikai karibu na kitanda."

"Basi nipitishe waya."

"Waya ukatize ukumbi wangu, baba yako ajikwae?"

"Basi niende mimi sebuleni na kompyuta yangu."

"Sebule ni ya wageni, Tunu. Kwani wewe ni mgeni?"

Nilimwona Tunu akifikiri, na mtoto yule akifikiri, mjue kuna jambo.

Siku ya mchezo, alasiri, mimi na Siwema tulikuwa uani tunachambua mchicha. Tukasikia mlango wa mbele: "Hodi, hodi wenyewe." Sauti ya adabu, laini. Nanyi mnajua, kwetu hodi haiachwi mlangoni. "Karibu," akaitika Siwema, akifuta mikono kwa kanga yake, "karibu ndani, pita ukae." Alikwisha kuyasema yote ndipo akafungua.

Alikuwa Tunu. Amevaa baibui lake la Idi, na nyuma yake kompyuta imepakiwa kwenye toroli la maji, imefunikwa shuka safi.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba," alisema. "Nimetoka mbali, natokea uani. Nimeambiwa hapa wageni mnawapokea vizuri."

Majirani wa ng'ambo ya barabara walikuwa barazani, wameacha mazungumzo yao wanasikiliza. Kumrudisha mtu aliyekwisha kukaribishwa ni jambo ambalo Siwema hakupata kulifanya maishani mwake. Alijaribu kukasirika. Uso ukamkatalia, akaangua kicheko hata akashika mlango asianguke.

"Marahaba, mgeni," alisema alipopata pumzi. "Pita. Lakini ukimwaga kitu kwenye vitambaa vyangu, utarudi ulikotoka."

Aliitoa ruta kabatini kwa mkono wake mwenyewe, akaivua kitambaa, akaiweka mezani. Kompyuta ikawashwa, na ile njia ya tatu ikajitokeza, imejaa tele. Furaha niliyoiona usoni mwa Tunu sijaisahau mpaka leo.

Na kwa kuwa mgeni haachwi peke yake, ikabidi tukae naye. Siwema akateremsha vikombe vya arusi, akapika kahawa. Majirani nao wakaja kupiga hodi mmoja mmoja, makochi yakajaa. Kijana wa Mwanza alitangulia kufunga. Tunu akasawazisha. Siwema, aliyekuja kulinda vitambaa, sasa amesimama katikati ya zulia anauliza, "Wekundu ndio sisi?" Dakika ya mwisho wekundu wakafunga, na vigelegele vikatikisa nyumba. Tunu anakwenda Dodoma.

Kule uani Shemeji Kilua akapunguza redio. "Kuna nini huko?" aliita. "Nani kafunga? Semeni basi, mimi huku sisikii."

Siwema alijibu kwa sauti, anacheka huku machozi yanamtoka. "Wa mbio hapiti ukuta, Baba Tunu. Mfuate alipo."

Tukamsikia akiburuta kandambili zake ukumbini. Akasimama mlangoni, akaitazama sebule yake ilivyojaa watu, akatafuta pa kukaa. Siwema alisogea, akakiondoa kitambaa kochini, akakikunja mapajani mwake. Shemeji akaketi taratibu, akalibonyeza kochi kwa kiganja.

"Kumbe laini," alisema.

Basi wanangu, mkimwona mtu ameketi chumba cha pili, anapiga kelele akitaka mazuri yamfikie hapo hapo alipo, mwambieni bila kumwonea haya: wa mbio hapiti ukuta, mfuate alipo.