Laptopu ya Mama Aneth

Ugonjwa ukitajwa mapema hukaa mahali pake ukatibiwa. Ukifichwa, hutambaa ndani kwa ndani kama mchwa ndani ya boriti, mpaka siku paa linapoanguka na kila mpita njia akaona kilichokuwa kikiliwa. Waliotuachia methali ya mficha maradhi hawakuwahi kuona kompyuta, lakini yaliyomkuta Mwalimu Enock wa Ruangwa yanaonyesha kuwa maneno yao hayachagui chombo.

Enock alifundisha Fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Ruangwa. Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, akapangiwa kazi kusini, na huko akamwoa Agape, mgeni kama yeye, aliyefuata kazi kutoka Songea. Walijaliwa binti mmoja, Aneth, aliyekuwa ndiyo kwanza anashika kuta akijifunza kutembea, na tangu azaliwe waliitana Baba Aneth na Mama Aneth.

Agape alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Korosho zikipata bei nzuri, watu wa Mbekenyera hujenga, na wengi waliotaka kujenga walimwendea yeye. Kwa kazi hiyo alinunua kompyuta mpakato ya gemu. Si kwamba alipenda gemu. Hakujua hata moja. Muuzaji alimweleza kuwa mashine iliyoundwa kwa ajili ya gemu haichoki kuchora kuta na mapaa, naye akaona ni kweli. Ilikuwa nyeusi, nene, nzito mithili ya jiwe la kusagia, na vibonye vyake viliwaka rangi kama taa za harusini.

Gemu alizijua mumewe. Kila Agape alipomaliza kazi, Enock aliketi mbele ya mashine hiyo akacheza mpira, akiguna kila mshambuliaji wake alipoganda mbele ya goli.

"RAM yake ndogo," alisema jioni moja. "Nikiiwekea kubwa, hii laptopu itaruka."

"Isiguswe," Agape akamjibu bila kuondoa macho kwenye ugali aliokuwa akiusonga. "Hilo ni jembe langu, Baba Aneth. Jembe halichezewi."

Enock alicheka, na maneno yale yakaingia sikio la kulia yakatokea la kushoto. Mtu anayefundisha umeme darasani huona aibu kuambiwa asiguse kitu chenye waya. Akaagiza RAM, kile kijibamba cha kumbukumbu ya mashine, kutoka Dar es Salaam bila kumwambia mkewe, ikaletwa na basi, akaitia mfukoni mwa koti akingoja nafasi.

Nafasi ilipatikana Agape alipokwenda Kiegei kupima kiwanja cha mteja. Mashine aliiacha nyumbani. Ilikuwa imetoka tu kusafishwa feni kwa Hemedy, fundi mwenye duka karibu na soko la Nachingwea. Enock akaipindua juu ya meza ya chakula, akachukua bisibisi, akatoa skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kisosi. Akang'oa RAM ya zamani, akaweka mpya, akafunga, akabonyeza kitufe.

Taa zikawaka. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi kama masizi.

Alikitazama kioo jinsi mwenye njaa anavyoitazama sufuria. Uvumilivu ulipomwishia, akakandamiza kitufe mpaka mashine ikazima. Akawasha tena. Giza. Akazima tena. Mawazo yake yakaacha Fizikia yakamkimbilia mkewe. Akafungua upya kwa pupa, akang'oa RAM mpya, akaisukuma ile ya zamani mahali pake bila kusikiliza kama imebana. Mkono ukagonga kisosi. Skrubu zikatapakaa. Alizikusanya juu ya meza, chini ya meza na ndani ya mkeka, akazihesabu, ikapungua moja. Ile moja hakuiona popote.

"Skrubu moja itamdhuru nani?" alijiuliza, akafunga.

Safari hii mashine haikuonyesha hata taa ya rangi. Enock akaifuta alama za vidole, akairudisha ndani ya begi lake, akafunga zipu mpaka mwisho.

Agape aliporudi akaibonyeza, akaibonyeza tena, akachomeka chaji kwenye soketi nyingine. Kisha akamwita mumewe.

"Baba Aneth, umeigusa hii?"

"Sijaigusa."

Neno lilitoka jepesi kama mate. Lakini neno la uongo halikai peke yake. Huita ndugu zake. Agape aliketi kitandani akafikiri, akasema polepole, "Basi ni Hemedy. Hakuna mwingine aliyeifungua."

Mlango ulikuwa wazi wakati ule. Enock angeweza kuupita kwa sentensi moja, aibu ikamchoma usiku mmoja, ikaisha. Badala yake akasema, "Mafundi wa siku hizi, Mama Aneth, wanajifunzia kwenye vitu vya watu."

Agape alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akiamini amedhulumiwa hanyamazi. Alimpigia Hemedy simu akamwambia maneno makali. Kisha akaandika kwenye kundi la simu la watumishi wa Ruangwa kwamba fundi wa Nachingwea aliyekuwa akisifiwa na wote ameua mashine yake, kila mtu awe macho. Ujumbe ukaenea kama moto wa kiangazi. Siku iliyofuata, katika chumba cha walimu, Enock aliwasikia wenzake wawili wakipanga kwenda kuchukua kompyuta zao kwa Hemedy kabla hazijaharibiwa. Alikuwa akisahihisha madaftari. Aliendelea kusahihisha, ila kalamu yake ilipita juu ya majibu sahihi ikaweka alama ya mkasi.

Mambo yangeishia hapo, kama si Bi Sikuzani. Mama huyu alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kijiji cha Nkowe, waliokuwa wakijenga nyumba ya kusubiria wajawazito kando ya zahanati. Mwaka uliopita mwanamke mmoja alijifungulia njiani, juu ya bodaboda, na mtoto hakuishi. Tangu hapo kina mama wale waliapa kujenga. Kazi ya kuchora ramani waliikabidhi kwa Agape, naye alikuwa amebakiza kidogo kuimaliza. Pasipo ramani, mhandisi wa halmashauri asingewaruhusu kuchimba msingi, na mawingu ya mvua za kwanza yalikwisha kuonekana.

Bi Sikuzani aliteremka kwenye bodaboda mlangoni kwao, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwanangu, tofali tumechoma," alimwambia Agape kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kimwera. "Mchanga tumesomba kwa vichwa. Ramani iko wapi?"

"Imo ndani ya mashine, mama. Na mashine imekufa."

"Basi twende tukaitoe kwenye maiti. Mvua haijui mashine."

Enock alijikuta akilibeba begi. Hakuwa na kisingizio, ilikuwa Jumamosi. Agape alisema aliyeiharibu ndiye aitoe ramani, wakapanda gari la asubuhi kwenda kwa Hemedy, Nachingwea, begi likiwa magotini mwake, na kila gurudumu lilipotumbukia shimoni alisikia kitu kidogo kikicheza ndani ya mashine, tik, tik. Alimtazama mkewe. Agape alikuwa akitazama mikorosho. Enock akalikumbatia begi kwa nguvu zaidi, kama anayemziba mtoto mdomo.

Hemedy aliwapokea amesimama. Alikuwa kijana mwenye cheti cha chuo kilichotundikwa ukutani, na rafu zake, ambazo kwa kawaida hujaa mashine za watu, zilikuwa na mapengo kama kinywa cha kibogoyo. Aliwasalimu wote, akampa Bi Sikuzani kiti, akamwambia Agape, "Dada, nimeyasoma uliyoyaandika. Kama ni mkono wangu ulioharibu, nitabeba. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Tangu niisafishe, kuna mtu ameifungua?"

"Hakuna," alisema Agape.

Hemedy akageuza uso. "Mwalimu?"

Bi Sikuzani alikuwa akijipepea kwa ncha ya khanga. Agape alikuwa amekunja mikono. Enock alihisi ulimi wake umekuwa mzito kama nanga, lakini ulipoinuka ulifuata njia iliyokwisha kuzoea.

"Hakuna," akasema.

"Sawa. Kama ilivyotoka kwangu ndivyo ilivyo. Tuanze na chaji basi, huenda ni moto wa umeme tu haufiki."

Akachukua chaji yake mwenyewe, iliyo nzima, akachomeka. Kukasikika mlio mfupi kama wa kaa la moto linalodondoka majini. Uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka kwenye matundu ya feni, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa duka zima. Hemedy akang'oa waya kwa kasi, lakini kilichotokea kilikuwa kimekwisha kutokea. Watu wawili waliokuwa dirishani wakinunua vocha wakachungulia.

Akachukua bisibisi, akafungua. Mfuniko ulipotoka, skrubu ilikuwa imelala katikati ya bodi kuu, imegandamana nayo, pembeni yake pakiwa na doa jeusi. RAM ilikuwa imekaa upande, nusu ndani, nusu nje. Hemedy akaitazama kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa hakumtazama Agape.

"Mwalimu, nani aliifungua hii?"

"Labda ilipokuwa safarini..." Enock akaanza.

"Skrubu haijifungui ikaingia ndani," alisema Agape. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa Enock ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Baba Aneth. Nani?"

Ndipo alipoyasema yote, mbele ya fundi, mbele ya mama wa Nkowe, mbele ya wanunuzi wa vocha: RAM ya kutoka Dar, kioo cheusi, kisosi, skrubu. Aliyasema akitazama sakafu, na kila alichokisema kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na kilichoharibika, jambo lililomfanya aone aibu mara mbili.

"Kioo kilikuwa cheusi baada ya kubadilisha RAM?" Hemedy akauliza. "Na feni inazunguka?"

"Ndiyo."

"Ungeiacha. Mashine kama hizi ukizibadilishia RAM huanza kwa kuipima kwanza. Hukaa giza dakika kadhaa, halafu zinawaka zenyewe. Haikuwa na ugonjwa wowote, mwalimu." Akaigusa RAM iliyokaa upande, akaendelea, "Hata ulipoirudisha vibaya, ilikuwa kazi ya kuisukuma kwa kidole. Ungeniambia skrubu imepotea, ningeitikisa kabla ya kuipa moto. Na mimi nina kosa, ningefungua kwanza. Ila niliamini neno lako."

Bi Sikuzani akauliza lililomleta: "Na ramani yetu, baba? Nayo imeungua?"

Hemedy akachomoa diski, akaiweka kwenye kijisanduku chake na kuiunganisha na kompyuta ya dukani. Wote wakainama. Ramani ikafunguka: vyumba, kibaraza, tangi la maji, kila kitu mahali pake. Bi Sikuzani akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajizuia. Agape akavuta kiti, akamwomba Hemedy radhi mbele ya wote, akaomba aazimwe kompyuta ile amalizie kazi. Alichora mpaka alasiri. Mumewe alikaa nje kwenye benchi, na hakuna aliyemwita ndani.

Kina mama wa Nkowe walichimba msingi wao kabla ya mvua. Kuhusu mashine, bodi ilikuwa imekufa kabisa. Enock aliandika kwenye kundi lile lile la watumishi kwamba Hemedy hakukosea, aliyekosea ni yeye. Akawafuata na wale walimu wawili akawaeleza ana kwa ana, nao wakamcheka mpaka mwisho wa muhula. Baadhi ya wateja walirudi kwa Hemedy. Wengine walikuwa wameshapata fundi mwingine na hawakurudi tena. Jina la mtu ni kama unga: ukimwagika mchangani hauzoleki wote.

Agape hakumgombeza mumewe. Alikodi kompyuta akaendelea na kazi, na nyumbani walikula, wakaongea, wakamchekea Aneth alipopiga hatua zake za kwanza bila kushika ukuta. Enock akaanza kuamini kwamba yamekwisha. Kisha asubuhi moja, wakiwa wamekwisha kutoka, mtoto yu mgongoni mwa mama yake, Agape akasimama uani.

"Baba Aneth, umezima jiko?"

"Nimezima."

Ilikuwa kweli, alikuwa amezima. Agape akamtazama kitambo, akaitikia kwa kichwa, akampa begi amshikie. Kisha akafungua mlango, akaingia ndani kwenda kuangalia mwenyewe.

Enock alibaki uani na begi mkononi, akifahamu kuwa kilichokufa siku ile dukani hakikuwa bodi peke yake. Ama kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.