Korongo Lililokula Shamba la Nandonde

Mtu mmoja, Nandonde, alikuwa na shamba la mtama ukingoni mwa korongo, alikuwa na mke aitwaye Somoe, na alikuwa na ugonjwa wa kuokota mawe. Shamba lilipungua kila masika, kwa kuwa korongo lile lilikuwa na njaa kuliko wao. Mawe yaliongezeka.

Si mawe ya kujengea. Yalikuwa mifupa na makome ya viumbe vya kale, vitu vilivyolala ardhini hadi vikageuka mawe. Waliosoma huviita visukuku. Mvua ikishabomoa ukingo, majirani walisimama juu wakiitukana. Nandonde naye alitukana, maana tumbo analo, kisha akashuka kutazama. Jino. Kome lililojikunja kama pembe ya kondoo. Jani, na mishipa yake yote. Akayaosha kwa maji aliyojitwika Somoe kutoka mbali, akayagawa. Kwao mgeni haondoki mikono mitupu. Hufungiwa unga au kuku. Nandonde alifunga unga, na juu ya unga akaweka jiwe. Watu wakacheka: "Nenda kwa Nandonde ukafungiwe mboga isiyoiva!" Wengine walilitupa kabla ya kufika njia panda. Wengine walilitunza, wakawaonyesha wajukuu. Yeye hakuuliza nani kafanya lipi.

Aliyechekwa zaidi ni Somoe. Kisimani walimwita mama wa mawe, naye akawajibu kuwa afadhali mawe, hayarudi nyumbani yamelewa. Wakacheka wote. Lakini kicheko kikiisha, njia ya kurudi ni ndefu na ndoo ni nzito.

Mwaka mmoja masika yakawa makali, korongo likamaliza. Mtama ulikuwa umeshatoa masuke; kulipokucha haukuwapo, wala udongo ulioubeba. Somoe akafunga nguo zake kwenye kanga. Ndugu zake walikuwa na mihogo na chumba cha kumweka, na yeye alikuwa amechoka kuolewa na korongo. Akashuka kumuaga mumewe, kwa sababu kuondoka bila kuaga ni tabia ya mwizi.

Alimkuta amepiga magoti kwenye tope, anafuta kitu kwa kiganja. Hakuinua kichwa. "Somoe, shika hapa, lisije likaanguka."

Somoe akaweka furushi chini, akashika. Ulikuwa ubavu. Kando yake ubavu mwingine, na mwingine, mpaka kwenye uti wa mgongo mrefu kuliko nyumba yao, umejipinda kama wa mnyama aliyelala jana. Juu ya hapo ndipo alipokuwa akilima tangu alipoolewa. Alipiga jembe juu ya mgongo ule, akapumzika juu yake, akalia juu yake, asijue amebebwa na nini. Mvua ingelihurumia shamba, angezikwa bila kujua.

Nandonde angeweza kuifukia mifupa ile, iwe yake peke yake. Alipanda juu akaita kijiji kizima. Wakaja, hata wale waliotupa mawe njiani, wakasimama vinywa wazi. Mchopa, mzee ambaye shamba lake liko mbali na korongo, akavua kofia. "Ahsante, Nandonde. Tungekufa hatujaona."

Nandonde akajipangusa tope magotini. "Msinishukuru mimi. Iliyochimba ni mvua. Mimi nimeinama tu."

Mchopa akawakatia kipande cha shamba lake, ila msimu wa kupanda ulikuwa umeshapita. Mwaka ule walikula ming'oko waliyoichimba porini, mizizi ya watu wenye njaa, na Somoe hakusema kuwa ni mitamu. Lakini kwa ndugu zake hakwenda. Tangu hapo, mvua ikikatika, yeye ndiye aliyetangulia kushuka korongoni. Na jioni, kabla ya kutia tonge la kwanza mdomoni, alishukuru kwa vyote viwili: kwa kilichobaki, na kwa kilichobomoka.

Nawe ambaye mvua imelila shamba lako, umeshuka kutazama ilichofunua, au bado umesimama juu ukingoni unatukana?