Haikaeli na Mikia ya Sentensi

Mjua kuitikia mpe aanzishe. Ndivyo alivyosema mjomba wenu jana kwenye kikao cha harusi, akimgeukia Ombeni, na nyie mkaangua kicheko mpaka mabati yakatikisika. Ombeni akanuna, akaacha chakula, na mpaka sasa anajifanya anatazama kuku. Haya, sogeeni. Kila mtu achukue ndizi amenye, maana siwezi kuwasimulia watu waliokunja mikono. Mnaulizana methali hii ilitoka wapi, na wengine mmeshaamua kwamba ni tusi. Ilitoka hapa hapa Marangu, na chanzo chake ni mama mmoja aliyekuwa anahangaika na Kiingereza.

Mama huyo aliitwa Haikaeli. Kazi yake ilikuwa upagazi, kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Siku hizi mnawaona wapagazi wanawake mnaona kawaida, lakini enzi zile walikuwa wa kutafuta kwa tochi, na walisemwa sana. Haikaeli hakujali kusemwa. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na mlima ndio uliowasomesha. Tena aliupenda. Alikuwa akikaa nyumbani wiki mbili bila kupanda anaanza kugombana na sufuria.

Basi goti lake la kulia likaanza kumsumbua. Akalipaka dawa za kienyeji, akalifunga kitambaa, wapi. Daktari alipolitazama akamwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kubeba mizigo, goti hilo litamkalisha chini kabla mtoto wake wa mwisho hajamaliza shule. Kutembea anaweza, kubeba ndiyo basi. Ikabaki njia moja tu ya kuendelea kupanda: awe mwongoza wageni msaidizi, ambaye mgongoni ana kibegi chake mwenyewe. Lakini mwongozaji kazi yake ni kusema na wageni, na wageni wenyewe wanasema Kiingereza.

Kiingereza Haikaeli alikuwa nacho kidogo, cha shuleni na cha kuokota njiani. Akajiunga na darasa la Mwalimu Aminieli, lililokuwa likikutana jioni katika ukumbi wa kanisa, watu wakishamaliza kukata majani ya ng'ombe. Lilikuwa darasa la watu wa kati. Si wale wanaoanza na salamu, wala si wale waliobobea. Ni wale wanaoelewa wakiambiwa, wanaojua maneno mengi, lakini maneno yenyewe yamelala kichwani kama nguo sandukuni.

Mwalimu Aminieli alikuwa mstaafu, mtu wa watu, shati lake limepigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea. Alifundisha kama tulivyofundishwa sisi sote. Nyie wenyewe mnajua. Mwalimu anasema, "Mlima wetu unaitwa Kilima..." halafu anakata, nanyi mnapaza sauti, "...njaro!" Ndivyo alivyofanya na Kiingereza chake. Anaanza sentensi, anaipeleka vizuri, ikikaribia mwisho anainua chaki juu, na darasa zima linamalizia. Jambo la jana, darasa linamalizia kwa kitenzi cha jana. Jambo lililokwisha kabla ya la jana, nalo hivyo hivyo. Kichefuchefu, kizunguzungu, ukungu, mteremko, yote waliyajua kwa Kiingereza.

Na katika sauti zote ya Haikaeli ndiyo iliyokuwa juu. Watu wanaopita barabarani wakielekea dukani walikuwa wanasimama kusikiliza, wanasema hawa sasa ni Wazungu kabisa, wamebakiza rangi tu. Mwalimu akamsifia mbele ya wenzake. Haikaeli akarudi nyumbani moyo mweupe, akawaambia watoto kwamba mama yenu anakwenda kuwa mwongoza wageni. Kweli hakuwa anajigamba. Aliamini.

Kampuni aliyokuwa anafanyia kazi ilikuwa na utaratibu wake. Ukitaka uongozaji, unapewa safari moja ya majaribio chini ya kiongozi mkuu. Kiongozi huyo aliitwa Mzee Elingaya, mtu mrefu, mpole, mwenye macho yanayoona kila kitu na mdomo usiosema nusu yake. Akamchukua Haikaeli katika msafara mmoja. Siku ya pili, walipotoka msituni na kuingia kwenye majani mafupi, mgeni mmoja, mama wa makamo, akaanza kubaki nyuma. Mzee Elingaya akamwambia Haikaeli atembee na mama huyo taratibu, yeye akatangulia na wengine.

Haikaeli akafurahi. Akatembea kando ya yule mama, akajiweka tayari, akasubiri aulizwe kitu ili ajibu. Yule mama hakuuliza kitu. Wakatembea kimya. Haikaeli akaanza kuona hatua za mgeni wake zinalegea, midomo inapauka, chupa ya maji haiguswi. Alijua kabisa ni nini. Mlima ulikuwa umemshika, ule ugonjwa wa hewa haba ya juu. Na maneno yote yanayotakiwa alikuwa nayo kichwani: maji, kichwa, kupumzika, kushuka. Lakini kila sentensi aliyoishika aliishika mkia, kichwa chake hakionekani. Akafungua mdomo, akaufunga. Akajiambia akifika kwenye lile jiwe ataanza, wakafika, wakalipita. Yule mama akaketi chini ghafla, akatapika, akaanza kulia.

Haikaeli akampangusa mdomo kwa kitenge chake, akamkumbatia, akampa maji, na neno hata moja halikumtoka. Mzee Elingaya alipoona wamechelewa akarudi mbio, akamshusha mgeni mpaka kambini. Mgeni alipata nafuu jioni ile ile, Mungu ni mwema. Lakini alipokuwa anaondoka alimwambia Mzee Elingaya kwamba yule dada ana moyo mzuri sana, ila yeye mgeni angeambiwa mapema kwamba dada huyo ni bubu.

Neno hilo lilimchoma Haikaeli kuliko goti. Alikaa juu ya mzigo nyuma ya jiko la kambini akalia kwa kwikwi. Mzee Elingaya akaja akakaa kando yake, akamwacha alie mpaka amalize.

"Binti yangu," akasema, "mimi sauti yako naisikia mpaka barabarani nikipita pale ukumbini. Leo ilikwenda wapi?"

"Sijui, Mzee. Maneno ninayo. Nilikuwa nasubiri tu aanze."

Mzee akamuuliza jambo ambalo Haikaeli aliona halihusiani kabisa. Akamuuliza, katika miaka yote aliyopanda, wapagazi wakiimba njiani, yeye amewahi kuanzisha wimbo?

Hapo mnielewe, nyimbo za mlimani zina mtu mmoja wa mbele anayeanzisha, na wote nyuma wanaitikia. Haikaeli alikuwa mwitikiaji hodari. Akajibu kwamba hapana, hajawahi, na siku moja walipomlazimisha wimbo wote ulimtoka kichwani, wakati ameuitikia miaka nenda rudi.

Akakaa akijisikiliza alichosema. Kisha akamtazama mzee usoni.

"Kumbe darasani nako naitikia tu."

Mvua za masika zilikuwa zinakuja, na masika safari hupungua. Mzee Elingaya akamwahidi jaribio lingine mvua zikikatika, la mwisho, maana kampuni haitoi la tatu. Halafu akafanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Waliposhuka alikwenda naye mpaka ukumbini, akabisha hodi, akavua kofia. Mwalimu Aminieli akafurahi kupata mgeni mkubwa, akataka kumwonyesha darasa lake linavyowaka.

"Mwalimu, sifa zako tunazo," Mzee Elingaya akasema. "Huyu mama anajua kuitikia, hilo halina ubishi. Sasa mjua kuitikia mpe aanzishe."

Mwalimu hakuelewa, lakini heshima ni heshima, akampa Haikaeli chaki na yeye akaketi kwenye benchi. Haikaeli akasimama mbele. Darasa zima likafumbua midomo kumwitikia, na hakuna cha kuitikia. Jamaa mmoja nyuma akacheka, Mwalimu akamwita aje yeye. Akaja kwa mbwembwe, akasimama, akakauka. Akaitwa mwingine, vivyo hivyo. Darasa lile lote, lililokuwa linawasimamisha watu barabarani, halikuwa na mtu mmoja wa kuanzisha sentensi. Walijua mikia yote, vichwa alikuwa navyo Mwalimu peke yake.

Mwalimu Aminieli aliumia, na ni haki yake kuumia. Alikuwa amewapenda wale watu na kuwafundisha kwa nguvu zake zote, kumbe alikuwa anawamegea tonge na kuwatafunia. Uso ukambadilika. Watu wakadhani atakasirika, atamwambia Mzee Elingaya arudi kwenye mawe yake. Hakusema hivyo. Alimwomba Haikaeli ajaribu tena, chochote kile, hata kama ni kibovu.

Haikaeli akaangalia chini, akaanza. Tukikigeuza kwa Kiswahili, Kiingereza chenyewe kilikuwa hivi: "Mimi... jana... goti yangu..." Akakwama. Na hapo nawaambia ndipo penye kazi, maana mdomo wa Mwalimu ulifunguka wenyewe kutaka kummalizia. Miaka yote hiyo ya kuanza na kumalizia haiishi kwa siku moja. Mwalimu akauziba mdomo wake kwa kiganja, kiganja chenye vumbi la chaki, akabaki na masharubu meupe mbele ya darasa. Watu walitaka kucheka wakashindwa. Wakasubiri.

"Goti yangu kuuma," Haikaeli akasema, "kwa sababu mimi kubeba watu wengine vitu, miaka mingi."

Sentensi ilikuwa imepinda kama njia ya mbuzi, lakini ilikuwa yake tangu kichwa mpaka mkia. Mwalimu akaondoa kiganja, akasema asante, akairudia imenyooka, na darasa likaanza upya.

Tangu siku ile kila jioni mtu mmoja alianzisha, wengine wakamjibu, na Mwalimu akasahihisha mwisho. Haikaeli nyumbani akahamia kwa ng'ombe. Anakata majani huku anamuuliza kwa Kiingereza: umelala vipi, umekula, kichwa hakikuumi? Majirani wakaanza kumnong'ona, maskini mjane wa watu, uchungu umempanda kichwani. Watoto wake wakaona aibu, wakamsihi aulizie ndani. Akawajibu kwamba ng'ombe hana haraka na wala hamalizii sentensi za mtu, sasa wamtafutie mwalimu bora kuliko huyo.

Masika yakakatika. Haikaeli akapewa jaribio lake la mwisho, na usiku wa kuamkia safari hakula. Alijua akishindwa, mlima atakuwa anauangalia kutoka uani kwake tu. Safari hii mgeni wake alikuwa kijana, kifua kipana, mcheshi sana siku ya kwanza. Siku ya pili, pale pale kwenye majani mafupi, ucheshi ukapungua. Akawa anatabasamu tu na kutazama chini. Mlima hauogopi misuli, wanangu.

Haikaeli akauona ule ukimya. Tabia ya zamani ikamshika ikimwambia asubiri. Mzee Elingaya alikuwa hatua chache mbele, ameinama anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Haikaeli akavuta pumzi.

"Wewe usiku kulala vizuri?"

Kijana akasema ndiyo. Ingekuwa zamani, hapo ndipo mwisho. Haikaeli akaanzisha nyingine, akamuuliza amekula nini asubuhi. Kijana akasita, akasema hakula. Akaanzisha ya tatu.

"Kichwa yako inauma tangu jana. Kweli au uongo?"

Kijana akasimama. Akawatazama wenzake waliotangulia, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kweli, kinauma tangu jana, na sasa ardhi inazunguka, lakini hakutaka rafiki zake wajue.

"Mimi na wewe tunashuka," Haikaeli akamwambia. "Mlima haiendi mahali. Itakusubiri."

Wakashuka, Haikaeli akimuuliza hili na lile njia nzima ili asilale usingizi wa mlima, ule wa kupoteza fahamu. Daktari wa kule chini aliwaambia kwamba wangeongeza siku moja tu juu, yangekuwa mazungumzo mengine. Kijana alimshika Haikaeli mikono yote miwili, akamshukuru, na hakuna aliyesema habari ya bubu.

Msafara uliobaki uliporudi, wapagazi walijipanga getini kuwaimbia wageni kama ilivyo desturi. Mwanzishaji wao akavuta pumzi, Mzee Elingaya akamgusa bega, akamwonyesha Haikaeli kwa kidevu. Wote wakamgeukia. Haikaeli akaanza juu mno, sauti ikakwaruza katikati. Akaendelea hivyo hivyo, na wote wakamwitikia. Mwalimu Aminieli, aliyekuja kumpokea, alisimama nyuma ya umati akilia bila kujificha.

Basi Ombeni, waache hao kuku. Kila kikao unakaa kona ile, unasema "naunga mkono, naunga mkono," na mjomba wako anakusikia. Hakukutukana. Kesho anataka wewe ndiye ufungue kikao, useme kwa niaba ya ukoo, na amenituma mimi nikueleze kwa sababu uliondoka kabla hajamaliza. Utasimama, utakwama, na sisi tutakusubiri. Hata mimi, ninavyojijua, nitauziba mdomo wangu kwa kiganja. Mjua kuitikia mpe aanzishe.