Mwalimu wa Kwaya Aliyeogopa Bisibisi

Wapendwa, nivumilieni kidogo kabla hatujainuka. Na ninyi wa kwaya, msianze kutazamana.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya kule Rungwe, mama wa makamo, tumwite Tusekile. Mama huyu alikuwa na laptopu yake ya zamani. Herufi mbili tatu zilishafutika kwenye vitufe, na kuiwasha ilikuwa safari. Siku ya mazoezi, Mwalimu akishabonyeza, sauti ya kwanza wanakwenda kuteka maji, besi wanatoka nje kupiga soga, sauti ya pili wanamaliza habari za harusi tatu. Wakirudi, kile kiduara kwenye kioo bado kinazunguka. Mnacheka? Wenye mashine za namna hiyo wananielewa.

Mtasema, si angeitupa tu? Haitupiki! Ndani yake mlikuwa na nyimbo mia mbili na kumi na moja. Kwa miaka tisa Tusekile alizunguka majikoni kwa bibi zetu, akakaa kwenye vigoda vyao, wao wakimenya ndizi na kuimba, yeye akiandika nota za sauti zote nne. Wengi wa bibi wale walishazikwa. Nyimbo zao zilikuwa humo tu, hazikuwa pengine popote duniani. Mara mbili alijaribu kuzihamishia kwenye flashi, na mara zote mbili mashine ikaganda katikati. Akaacha.

Lakini msidhani alikaa bure. Aliinunulia begi jipya. Aliifuta vumbi kwa pamba na spiriti. Alifuta picha za watoto ili ipate nafasi ya kupumua. Hata kuiombea aliiombea, tena kwa kuiwekea mikono! Jambo moja tu hakutaka kulisikia.

"Mwalimu, si uipeleke kwa fundi?" mama mmoja wa sauti ya pili alimwuliza siku moja.

"Aifungue?" Tusekile alishtuka kama aliyeambiwa atapasuliwa yeye. "Nyimbo zikimwagika, nani atazizoa?"

Basi, usharika ukakaribia jubilei ya miaka sitini. Wazee wa kanisa wakachagua nyimbo kumi na mbili za wale bibi, zichapwe, kila mtu apate karatasi yake. Jumatano moja, siku kumi kabla ya sherehe, Tusekile akabonyeza kitufe. Watu wakatoka, wakarudi, wakatoka tena. Mazoezi yakaisha kioo kikiwa cheusi tii. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kesho yake asubuhi aliikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, akaenda nayo kwa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima, mwenye upara, aliyeanza kazi enzi za redio za betri, na hakuwa mtu wa haraka. Aliiwasha, akainama, akasikiliza.

"Mwalimu," akasema, "wewe una sikio la muziki. Hebu lete hapa."

Tusekile akaweka sikio. Tik. Tik. Krrr. Tik.

"Hiyo ni diski. Ndani mna sahani inayozunguka na kijimkono kinachotafuta juu yake. Kijimkono kimechoka. Unaomba kitu, kinatafuta, kinakosa, kinaanza upya."

"Na mashine yenyewe?"

"Mashine haina neno! Hii bado itatuzika mimi na wewe." Akavuta droo, akatoa kitu chembamba, chepesi kama biskuti. "Hii ni diski ya kisasa, wanaiita SSD. Haina sahani wala kijimkono, hakuna kinachozunguka. Ila kuiweka, sharti nifungue."

Bisibisi ilikuwa tayari mkononi mwake. Tusekile akashika kona ya meza, akafumba macho.

"Fungua," akasema.

Fundi akaitoa diski ile ya zamani, akaiunganisha na mashine nyingine, akaanza kunakili nyimbo kwenye ile mpya. Tusekile akawa anahesabu. Wimbo wa kumi. Wa hamsini. Wa mia na arobaini, kisha kimya. Nusu saa nzima kimya! Fundi akaisogezea diski feni, akaipoza, akajaribu tena. Halafu ukaja wa mia na arobaini na moja. Ilipofika saa tisa alasiri, nyimbo zote mia mbili na kumi na moja zilikuwa zimevuka.

Fundi akaiweka diski mpya ndani, akafunga skrubu ya mwisho, akabonyeza kitufe. Tusekile, kwa mazoea, akageuka atafute mahali pa kukaa asubiri.

"Unakwenda wapi?" fundi akamwuliza. "Imeshawaka."

"Haiwezekani. Izime."

Akaizima, akaiwasha. Hata kiti hakijavutwa, imewaka! Tusekile akaizima mwenyewe, akaiwasha, mara nne, akicheka kama binti. Akafungua wimbo wa kwanza alioukuta, akauimba palepale dukani kwa sauti kubwa, wapita njia wakasimama mlangoni, muuza nyanya akaitikia besi.

Wimbo ulipoisha akafuta macho. "Fundi, ndaga fijo, asante sana. Na hiyo ya zamani nirudishie, nitaitunza kama akiba."

Fundi akaichomeka tena ile diski ya zamani. Haikugonga, haikukwaruza. Akatikisa kichwa.

"Akiba gani, Mwalimu? Hii imekufa saa ileile ilipomaliza. Ungeniletea wiki ijayo, ningekupa pole. Wewe ulidhani nyimbo zitapotea ukinifungulia. Kumbe zilikuwa zinapotea kwa sababu hukunifungulia."

Jubilei ile waliimba zote kumi na mbili, na watu walicheza mpaka vumbi likatoka sakafuni.

Sasa ndugu zangu, sisi je? Ni mara ngapi tumejinunulia begi jipya? Suti mpya, kiti cha mbele, sauti kubwa kwenye maombi, na ndani kinagonga tik, tik, krrr? Tunalo neno tulilomficha mume, tunayo chuki na ndugu wa tumbo moja, tunacho kilio ambacho hatukulia tulipofiwa. Tunasema, "Nikimfungulia Mungu hapa, nitapoteza heshima yangu, nitapoteza kila kitu." Nani kakudanganya kwamba unakitunza?

Yeye hakuiti kikuukuu wala takataka. Anajua mashine yako haina neno. Anasubiri kauli moja tu kutoka kwako, ile ya Tusekile, na hata ukiitamka umefumba macho, ataipokea. Haya, tusimame. Anayetaka kuisema leo, aiseme sasa, na kwaya ituimbie.