Pimbi Aliyevunja Idara ya Fisi

Nikiita?

— Twaitika.

Nikiita tena?

— Twaitika, bibi, tuambie.

Haya. Wewe Mishi, acha kumfinya mwenzio, kaa vizuri. Mwanzoni mtacheka, nawajua. Chekeni tu, mimi mwenzenu najua inakoelekea.

Palikuwa na bonde, na wanyama wa bonde hilo walikuwa na desturi ya yowe. Anayeona hatari anapiga yowe. Anayelisikia analipokea, analipeleka kwa jirani, kisha anatoka na fimbo. Uwe unapika, uwe unanyonyesha, unatoka. Chui akija anakuta bonde zima liko nje, anajifanya alikuwa anapita tu.

Siku moja yowe lilichelewa kupokewa, na Chui akamchukua mtoto wa Swala. Bonde likalia. Ndipo Fisi aliposimama barazani akasema, "Jamani, yowe ni mambo ya kizamani. Nipeni kazi mimi. Nina meno, nina pua, nina ndugu wengi wasio na shughuli. Tuanzishe Idara ya Usalama." Wakakubali. Walikuwa na uchungu, siwalaumu.

Fisi akaweka amri zake. Yowe marufuku, linavuruga amani. Na mtu akisikia kelele yoyote, asimame pale pale alipo, mikono juu, asubiri kukaguliwa. Watoto walifundishwa amri hiyo kabla ya kufundishwa kunawa.

Kisha ukaguzi ukaanza. Chungu kikichemka kwa Swala, Fisi yuko mlangoni. Nusa, nusa, nusa. "Chungu hiki kinanuka hatari, nakwenda kukichunguza." Chungu kikichemka kwa Ngiri, Fisi yuko mlangoni. Nusa, nusa, nusa. "Hiki nacho." Chungu kinaondoka kimejaa, kinarudi kitupu, na Fisi anajifuta mdomo. "Tumechunguza. Hatari imekwisha."

Na nyumba ikinuka hatari kubwa, ilifungwa, na mwenyewe akahama bonde na ukoo wake wote mpaka uchunguzi uishe. Haukuwahi kuisha.

Ila nitasema kweli: Chui hakuonekana siku hizo. Aliogopa ule ukoo wa Fisi. Hilo nalo mliweke kichwani.

Sasa, juu ya jabali aliishi Pimbi na mwanawe wa pekee, Siwatu. Pimbi ni mdogo, mnamjua, hata mkia hana. Kila akipika, chungu kinakwenda kuchunguzwa, na Siwatu analala na maji. Mbavu zilikuwa zinahesabika.

"Mama," Siwatu akauliza, "zamani nani alikuwa anatulinda?"

"Tulikuwa tunapiga yowe, mwanangu."

"Yowe ni nini?"

Pimbi akataka kumwonyesha, akakumbuka ni marufuku. "Nitakuonyesha siku nyingine," akasema. Akaenda kuwaza namna ya kumtoa Fisi.

Asubuhi akapika makande ya nazi, akatia vitunguu, akatia bizari, harufu ikashuka jabali lote. Fisi huyo. Nusa, nusa, nusa. "Loo, Pimbi, hiki kinanuka hatari hasa." Akakibeba mpaka kituoni. Kabla hajafunua kifuniko, Pimbi yuko nyuma yake.

"Afande, shikamoo. Kuna nyumba bondeni inanuka hatari kuliko chungu changu. Nikikuonyesha, watasema nimemchongea jirani. Tukuite mbele ya baraza, tukufunge macho, pua yako ikaitafute yenyewe. Wote waone pua ya serikali inavyofanya kazi."

Fisi alipenda kusifiwa pua. Na nyumba inayonuka kuliko chungu kile, mate yalimjaa. "Leteni kitambaa," akasema.

Wakamfunga macho, Pimbi akamshika mkono. Wakazunguka kwa Swala. Nusa, nusa, nusa. "Hapana kitu." Wakazunguka kwa Ngiri. Nusa, nusa, nusa. "Hapana kitu." Kweli hapakuwa na kitu, watu walikuwa na njaa. Wakazunguka tena na tena mpaka Fisi hajui mashariki wala magharibi. Kisha Pimbi akamsimamisha mlangoni pengine.

Nusa, nusa. Fisi akatetemeka mwili mzima. "Ni hapa. Sijapata kunusa hatari kama hii. Nyumba hii ifungwe, mwenyewe ahame leo hii na ukoo wake."

"Afande, amri ni amri?"

"Amri ni amri."

Pimbi akamfungua kitambaa. Kilikuwa kituo cha Idara, makande yale yapo mezani, na vyungu vya bonde zima ambavyo hajavirudisha vimerundikana mpaka darini. Wanyama walicheka mpaka Ngiri akakaa chini. Idara ikavunjwa palepale.

Fisi akafunga virago. Akiwa njiani akageuka. "Pimbi, Chui akirudi, nani atakuja?"

"Tutakuja wenyewe, kama zamani," Pimbi akajibu, bado anacheka.

Mmecheka? Basi, yaliyobaki si ya kuchekwa.

Vyungu vikatulia majumbani. Siwatu akashiba, akanenepa mashavu. Pimbi kila siku alisema atamwonyesha yowe, na kila siku palikuwa na kupika, na wageni wa kuja kumpongeza. Na hao wageni nao, hakuna aliyelitaja.

Mchana mmoja Pimbi yuko juu ya jabali anaanika kunde. Siwatu anacheza chini. Majani yakatikisika: nyata, nyata, nyata. Chui.

Pimbi akapiga yowe. "Kwiii! Kwiii!"

Swala akasikia. Akasimama alipo, mikono juu. Ngiri akasikia. Akasimama alipo, mikono juu. Bonde zima lilisimama, kila mtu mlangoni kwake, wanasubiri kukaguliwa.

Na Siwatu akasikia. Pango lilikuwa hapo karibu, angeingia. Lakini alikuwa mtoto anayefuata alichofundishwa. Akasimama wima, akainua mikono yake midogo, akasubiri.

Mzee Kobe peke yake ndiye aliyekumbuka. Alitoka na fimbo yake. Lakini Kobe ni Kobe, alifika jioni.

Wengine wakasema Fisi arudishwe, wengine wakasema arudi kula nini. Wanabishana mpaka leo. Pimbi hakubishana na mtu. Alikaa juu ya jabali akaanza kupiga lile yowe, kisha ananyamaza, anasikiliza kama kuna atakayelipokea. Mkipita majabalini mtamsikia. Namwonea huruma sana, na Fisi simtaki, na yote mawili yamo humu kifuani.

Funzo lake, watoto wazuri: mkisikia kelele, simameni mlipo, mikono juu, msubiri. Ndivyo walivyo watoto watiifu.

Hadithi yangu nimeiweka mlangoni, mwenye mikono aipokee.

Nikiita?

Mbona mmenyamaza? Nikiita?