Moto wa Bwana Kasigwa

Kiwanja hununuliwa, ujirani huombwa. Ndivyo mlivyomsikia Mwenyekiti leo asubuhi akimwambia yule bwana mifugo aliyenunua kipande cha kwa Mbelwa, na nyinyi mkacheka mkidhani anamtania. Hakuwa anamtania. Kaeni niwaambie. Wewe Kupaza, weka hiyo simu chini. Shuleni wanawafundisha kwamba kila methali imetoka kwa wahenga, watu wasio na majina. Hii ya leo aliyeisema nilimjua kwa jina, nyumba yake niliijenga kwa mikono hii mnayoiona, na ilianza hivi.

Alikuja hapa Kweshundi mtu anaitwa Bwana Kasigwa. Alikuwa gadi wa treni za mizigo, amestaafu. Alizaliwa kwenye kota za reli kule Tabora, maana baba yake naye alikuwa mtu wa reli. Akakulia kwenye kota, akaoa akiwa kwenye kota, na mkewe akafia kwenye kota. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza kwenu wapi, anakutajia stesheni. Alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa Morogoro, anaishi na mumewe kwenye vyumba viwili. Alipostaafu alipewa miezi mitatu aiachie nyumba ya watu.

Kwa nini alikuja huku? Kwa sababu miaka yote hiyo treni yake ilipita bondeni hapo chini jioni, naye yuko kwenye behewa la mwisho, anauangalia mlima wetu na moshi wa majiko unavyopanda. Akaupenda. Siku tunachimba msingi aliniambia maneno haya, na sijayasahau: "Fundi, nimeishi nyumba kumi na moja, na hakuna hata moja niliyoweza kupigilia msumari bila kuomba ruhusa. Nataka nizeekee mahali ninapoweza kusema hapa ni kwangu." Hilo tu ndilo alilokuwa analitafuta, watoto. Hakutaka kingine.

Kiwanja aliuziwa na Mzee Mbaruku, kile cha juu ya njia, jirani na Mama Hiza. Alinunua kwa uangalifu ambao sijauona tena. Mipaka ilipimwa, masale yakapandwa kwenye pembe zote nne, mashahidi wakatia sahihi. Aliuliza kama kuna makaburi, kama kuna njia ya maji, kama kuna mtoto wa mtu anayedai urithi. Mkataba aliusoma mara tatu mbele yetu, tumesimama juani. Aliuliza yote, isipokuwa lile ambalo halikuandikwa popote.

Na kwenye ujenzi, jamani, alinitesa. Ukuta wa sebuleni alinivunjisha mara mbili kwa ajili ya upana wa kidole. Mimi, Shekigenda, niliyejenga hata zahanati! Nilimeza tu. Lakini baraza aliitaka pana, akaagiza viti vinne kwa seremala kabla hata ya kitanda. Nikamuuliza viti vinne vya nini na yeye yuko peke yake. Akasema, wageni watakaa wapi?

Sasa sikilizeni hili, maana nyinyi hamkulikuta. Zamani hapa kwetu mtu hakuhesabika kuwa amehamia mpaka aombe moto. Ukishamaliza nyumba yako, unakwenda kwa jirani wa karibu, unasema, naomba moto. Basi. Jirani anatwaa kijinga cha moto kwenye jiko lake, anakibeba mwenyewe mpaka kwako, anauwasha moto wako wa kwanza, na watu wanakuja na chochote walicho nacho, mnapika, mnakula. Kuanzia hapo nyumba yako ina mlango, watu wanapiga hodi. Kabla ya hapo, hata kama unalala humo, hilo ni jengo tu. Nani apige hodi kwenye jengo? Na moto haukupelekwa bila kuombwa. Kumpelekea mtu moto asiouomba ni kumwambia kwamba ameshindwa na nyumba yake. Ilikuwa ni matusi.

Siku aliyohamia Bwana Kasigwa nilikuwepo, natengeneza kizingiti. Nikamuuliza, "Na moto je, Bwana?" Akaenda kwenye mizigo, akanionyesha jiko la mafuta ya taa, jipya, na pakiti mbili za viberiti. "Mimi simsumbui mtu, fundi," akasema, na alisema kwa fahari. Nilielewa baadaye. Kwenye kota watu wanahamishwa kila mwaka, kuta zimebanana, na mstaarabu ni yule asiyebisha mlango wa mwenzake kuomba-omba. Mama yake alimlea hivyo. Kwake yeye, kutoomba ndiyo heshima kubwa aliyoweza kutupa.

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu. Lakini nilikuwa bado na kinyongo cha ukuta wangu. Nikasema moyoni, si anajua kila kitu huyu, acha alijue na hili. Nikachukua mwiko wangu nikaenda zangu.

Ikawa hivyo. Wiki ya kwanza alikaa barazani, viti vinne vimepangwa, amevaa koti lake la reli lililopigwa pasi. Watu wanapita njiani wanaamkia, shikamoo Bwana, naye anaitikia marahaba, karibuni. Wanasema asante, wanapita. Kila Jumapili mchana alichemsha chai akajaza chupa nzima, akaweka na vikombe. Ikifika saa kumi na mbili anaimwaga chini ya ukuta. Mama Hiza alikuwa anamwona kutoka uani kwake, hatua ishirini tu, ng'ambo ya masale. Akawa anawaambia wenzake, yule baba hajataka kuhamia bado, labda anamsubiri binti yake. Kila mtu alisubiri, tena kwa adabu.

Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali, ukungu hautoki mpaka adhuhuri. Nilikwenda kumtengenezea mfereji wa bati. Nikiwa juu ya ngazi nikasikia anazungumza. Nikadhani amepata mgeni, nikafurahi, wallahi nilifurahi. Nikachungulia. Yuko peke yake, anaangalia saa, treni inalia bondeni, naye anasema kwa sauti, "Imechelewa dakika kumi, bwana. Dakika kumi." Halafu akageukia kiti kitupu kama mtu anayengoja kujibiwa. Niliteremka bila kumaliza kazi. Nilijisikia vibaya sana, na bado sikusema.

Kisha akafariki mama yake Mzee Mbaruku. Mnajua taarifa ya msiba inavyopelekwa, mlango hadi mlango. Mlango wa Bwana Kasigwa ulirukwa. Si kwa ubaya, ulirukwa kwa sababu haukuwa mlango. Aliona watu wanateremka na kanga zao, akamuuliza mpita njia, akafika watu wameshatawanyika kutoka makaburini. Alisimama pembeni peke yake, kofia mkononi, kwenye msiba wa mtu aliyemuuzia kiwanja. Siku ya pili alikuja kwangu. Mara ya kwanza na ya mwisho kuja kwangu. Hakukaa.

"Fundi," akaniuliza, "watu wa huku wananichukia kwa lipi?"

"Hawakuchukii, Bwana," nikamwambia. "Ni desturi tu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu, akashukuru, akaondoka. Mimi nilimaanisha desturi ya moto. Yeye alisikia kwamba ni desturi yetu kumtenga mgeni. Ningemfuata hata njiani nikamweleza! Lakini nilikuwa na chokaa niliyoiloweka, nikajisemea kesho. Kesho hiyo ilikuwa ndefu.

Mwaka ulipokaribia kuisha, alimpata mnunuzi, mfanyabiashara wa viazi kutoka mjini. Walikwenda kuandikiana huko huko mjini, mbele ya mwanasheria, hakuna mtu wa hapa aliyejua. Nyumba ile ndiyo hilo ghala la viazi mnalolipita mkienda kisimani. Bwana Kasigwa alifunga mizigo yake siku mbili. Siku ya mwisho, alasiri, akafagia nyumba yote, maana aliona aibu kumwachia mtu uchafu. Takataka akazikusanya uani: magazeti, nyasi za godoro, maboksi. Akataka kuzichoma. Viberiti vilikuwa chini kabisa ya sanduku, na sanduku limeshakazwa kamba. Akasimama pale muda mrefu, Mama Hiza alimwona. Halafu akapiga moyo konde, akavuka masale.

Mama Hiza alikuwa anapepeta maharage. Maneno yao alinisimulia mwenyewe, tena si mara moja.

"Mama Hiza, samahani kwa usumbufu. Naomba moto."

Mama Hiza aliuweka ungo chini. "Unaomba nini, baba?"

"Moto. Kijinga kimoja tu kinatosha."

"Tangulia kwako," akamwambia. "Moto haubebwi na anayeomba. Nakuja nao."

Aliona ajabu, lakini alirudi akangoja. Mama Hiza aliwatuma wanawe kila upande: Bwana Kasigwa anahamia, ameomba moto. Haikupita nusu saa, njia ilijaa. Mmoja kajitwika mkungu wa ndizi, mmoja kibuyu cha maziwa, Mzee Mbaruku anamburuta kondoo. Hata wale waliokuwa shambani walikuja na majembe yao. Mimi nilikuja wa mwisho mwisho, nimefurahi kama mtu aliyesamehewa. Mama Hiza alitangulia na kijinga kwenye kigae, amekikinga upepo kwa upande wa kanga. Akapiga hodi. Ilikuwa hodi ya kwanza kwenye mlango ule.

Tukaingia. Viti vinne vimefungwa pamoja kwa kamba. Sanduku liko katikati ya chumba. Kuta tupu.

"Mafiga yako wapi, baba?" Mama Hiza akauliza.

"Mafiga?" Bwana Kasigwa alituangalia tulivyojaa mpaka barazani. "Mama, nilitaka kuchoma takataka. Naondoka kesho asubuhi. Nyumba nimeshaiuza." Halafu akauliza polepole, "Hawa wote wamefuata nini?"

"Wamekuja kwako. Umeomba moto. Tumekungoja mwaka mzima uuombe."

Akaelezwa. Mzee Mbaruku ndiye aliyemweleza, yote, kama ninavyowaeleza nyinyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho kati ya watu.

"Fundi. Wewe ulijua?"

"Nilijua," nikasema.

Hakuniuliza la pili. Afadhali angenitukana.

Mwenyekiti wa wakati ule alitaka kumfuata mwenye viazi amwombe avunje mkataba. Bwana Kasigwa akakataa, akasema ametia sahihi, na treni haiondoki mara mbili. Tukadhani watu watarudi makwao. Mama Hiza akasema huu moto umeombwa, na moto ulioombwa hauzimwi njiani. Tukaleta mawe matatu kutoka kwenye mabaki ya msingi, nikayapanga mimi, na moto ukawashwa. Viti vikafunguliwa kamba. Watu walikula, wakamuuliza habari za treni, akasimulia simba waliolala relini karibu na Manyoni, na jinsi dereva wake alivyopiga honi mpaka akakauka koo kwa kupiga kelele pamoja na honi. Tulicheka. Sikuwahi kujua kwamba yule mtu anachekesha. Wazee wawili walisinzia kwenye viti vyake, na yeye amekaa sakafuni, anawaangalia.

Hapo ndipo alipolisema neno lenyewe. Hakulisema kwa hekima wala kwa uchungu. Alisema kama anasoma tangazo la stesheni: "Kumbe kiwanja hununuliwa, ujirani huombwa."

Asubuhi tulimsindikiza mpaka bondeni, kijiji kizima, kila mtu na kifurushi chake. Mimi nilibeba kiti. Akapanda treni, na safari hii alikaa behewa la abiria, si lile la mwisho, kwa hiyo alitupotea machoni upesi. Alikwenda kuishi kwa binti yake, kwenye hivyo vyumba viwili. Mwaka mzima alilala kwenye ile nyumba, lakini aliishi humo jioni moja.

Sasa watu wakiisema methali hii huwa wanamkazia macho mgeni. Mgeni jifunze, mgeni usijivune. Hata Mwenyekiti leo alimkazia macho yule bwana mifugo. Mimi nilikuwepo, nawaambia, haikusemwa kwa ajili ya mgeni peke yake. Litazameni neno lenyewe. Huombwa. Halikutaja nani aombe. Yeye alikuwa na mdomo na mimi nilikuwa na mdomo, na mwenye habari alikuwa mimi. Yule bwana mifugo anaanza kuchimba msingi Jumatatu, na mimi kwa umri huu, magoti haya, nitapanda huko juu nimwombe. Nimwambie, bwana, tunaomba utuombe moto.

Kiwanja hununuliwa, watoto. Ujirani huombwa.